Timu Inayorudi Ikiwa Jamaa Moja, na Mtoto Anayebaki



Likizo kubwa inapokaribia, komite za vijana katika parwasi nyingi za upande wetu wa Butembo na Beni huanza kuandika majina. Watu kumi, pengine kumi na wawili, hukusanya sabuni, nguo, madaftari na pesa kidogo, huombewa mbele ya kanisa, kisha hushika barabara ya Kasindi, ambayo hakuna msomaji wa huku anayehitaji kuelezwa hatari yake. Wakishavuka Mpondwe hupita Kasese na Mbarara hadi Nakivale, makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, Uganda. Huko wamekimbilia ndugu zetu wengi, na watoto waliofiwa na wazazi hawakosekani. Timu hukaa majuma mawili, halafu hurudi.

Jumapili inayofuata wanapewa nafasi ya ushuhuda. Nimesikiliza shuhuda hizo kwa miaka kadhaa, na karibu zote zina kitovu kimoja: tuliondoka tukiwa watu mbalimbali, tumerudi tukiwa jamaa moja. Waliokuwa hawasalimiani sasa wanakaa benchi moja. Binti wa mwenye duka na kijana wa taksi-moto wanaitana yaya na mdogo wangu. Ukiuliza habari za watoto, unaonyeshwa picha kwenye simu.

Umoja huo ni wa kweli, nami namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini una namna yake ya kuzaliwa na namna yake ya kufa. Una pia bei, na mara nyingine bei hiyo inalipwa na mtoto ambaye hakuulizwa. Mambo hayo yanaweza kuelezwa, na komite inayotuma timu inapaswa kuyafahamu kabla ya kununua tiketi ya basi.

Kwanza, kwa nini watu hushikamana haraka hivyo? Miaka miwili katika kwaya moja haikuwaunganisha, majuma mawili ya Nakivale yamewaunganisha. Yuko mtaalamu mmoja Mwingereza, Victor Turner, aliyeishi miaka ya mwanzo ya 1950 kati ya Wandembu wa Mwinilunga, kaskazini-magharibi mwa Zambia. Wandembu ni watu wa Lunda, na asili yao wanaihesabu kutoka kwa Mwant Yav, upande huu wetu wa Kongo. Turner aliangalia mukanda, kambi ya tohara ya wavulana, akaona kwamba mtoto akitolewa nyumbani, akavuliwa nguo na vyeo alivyojulikana navyo, akawekwa porini pamoja na wenzake katika ugumu uleule, basi kati yao huzaliwa undugu usiojali mtoto wa nani ni nani. Katika kitabu chake cha 1969 aliupa hali hiyo jina la Kilatini, communitas. Wazee wetu hawakuhitaji Kilatini. Waliotahiriwa pamoja huitana ndugu mpaka uzeeni.

Safari ya kujitolea inafanya kazi ileile, ijapokuwa hakuna aliyeipanga hivyo. Umetoka kwenu. Mpakani unapanga foleni kama wengine, na afisa hajui kwamba baba yako ni mzee wa kanisa. Unalala kwenye mkeka. Simu yako haina vitengo. Mwalimu wa shule na yule aliyeacha shule darasa la sita wanaogopa vitu vilevile usiku. Kile kilichowatenganisha nyumbani kimebaki nyumbani.

Turner alisimulia pia jambo ambalo ningependa viongozi wa timu walisikie. Kabla chifu mkuu wa Wandembu, Kanongesha, hajasimikwa, alikalishwa usiku katika kibanda kidogo, amevaa kitambaa kilichochakaa, na kila aliyekuwa na jambo moyoni alimwambia usoni bila yeye kujibu. Chifu alishushwa kwanza, ndipo akapandishwa. Timu ambayo kiongozi wake ana chumba chake, sahani yake na mtu wa kumfulia haitakuwa jamaa moja hata ikiimba usiku kucha. Nimeona mchungaji akisugua sufuria ya fufu kwa majivu mbele ya vijana wake, na sikuona heshima yake ikipungua.

Lakini kuondoka pamoja na kulala pamoja hakutoshi. Hapa watu wengi hukosea, wakidhani kwamba ukiwakusanya watu, ukawapa chakula na nyimbo, watapatana. Mwaka 1954 Muzafer Sherif, mwalimu wa saikolojia Marekani, aliwapeleka wavulana 22 wa umri wa karibu miaka 11 katika kambi ya Robbers Cave, Oklahoma. Aliwagawa makundi mawili, akawashindanisha kwa michezo na zawadi. Baada ya siku chache walikuwa wakichomeana bendera na kuvamiana katika vibanda. Sherif akajaribu kuwapatanisha kwa kuwaleta pamoja kwenye chakula na sinema. Walitupiana chakula. Kilichowapatanisha ni shida iliyowazidi: maji ya kambi yaliposimama ilibidi wote waifuate bomba kutafuta kasoro, lori la chakula lilipokataa kuwaka, walilivuta kwa kamba, na kamba ilikuwa ileile waliyokuwa wakivutania katika mashindano. Siku ya kurudi waliomba wapande basi moja, na kundi moja likatumia dola 5 ililozishinda kuwanunulia wote kinywaji njiani.

Mimi huona jambo hilo kila timu inapopewa kazi halisi. Ukiwapa vijana kumi mchezo wa kufahamiana, watacheka saa moja. Wape shimo la choo la kuchimba kabla mvua haijanyesha, na majembe matatu tu kwa watu kumi, nao watalazimika kupokezana, kungojeana na kusikilizana. Anayejua kuchimba siku hiyo ni mkubwa kuliko mwenye diploma. Kwa hiyo kiongozi asiulize tu, «Tutafanya ibada gani jioni?» Aulize pia kazi gani haiwezi kumalizwa na mtu mmoja, na nani awekwe pamoja na nani. Asiwaache marafiki wa parwasi moja wafanye kazi pamoja siku zote.

Sasa, timu hizi huvunjika wapi? Kwa kawaida si siku ya kwanza. Siku ya kwanza kila mtu ni mtakatifu. Huwa karibu siku ya nne au ya tano, usingizi umepungua, maharagwe ni yaleyale, mmoja ana malaria, na mtu mmoja anakumbuka kwamba yeye ndiye aliyeteka maji jana na juzi.

Matendo ya Mitume hayatufichi jambo hili. Paulo na Barnaba walipoondoka Antiokia katika sura ya 13 walikuwa na kijana msaidizi, Yohana aitwaye Marko. Walipofika Perge, katika Pamfilia, Marko aliwaacha akarudi Yerusalemu. Luka hatuelezi sababu. Tunachojua ni kwamba katika sura ya 15 jeraha hilo lilikuwa bado bichi: Barnaba alitaka kumchukua tena, Paulo alikataa, na watumishi hao wawili wakatengana, mmoja akaenda Kipro, mwingine Siria na Kilikia. Miaka baadaye, katika waraka wa pili kwa Timotheo, Marko anaombwa aletwe kwa sababu anafaa kwa huduma. Timu iliyovunjika safarini inaweza kuchukua miaka kupona, na wakati huo wote makanisa huona.

Katika timu zetu nimeona vitu vitatu vinavyovunja kuliko vingine. Cha kwanza ni lugha. Timu ya kwetu huzungumza Kinande bila kufikiri, na aliyetoka Bunia au Goma anakaa pembeni akitabasamu kwa jambo asilolielewa. Huko Nakivale nako, mama wa nyumba anadhani anasengenywa. Timu ikubaliane kabla ya Kasindi kwamba mezani na kazini ni Kiswahili. Cha pili ni wale wawili waliopendana. Si dhambi kupendana, lakini wawili wakijitenga kila jioni, walio wanane wanakuwa watazamaji. Wasubiri, mapenzi yao hayatakufa kwa majuma mawili.

Cha tatu ni pesa, na hapa nitakaa kidogo. Pesa za safari zikiwa mfukoni mwa mtu mmoja, hata akiwa mwaminifu kama Danieli, mashaka hayakosi. Shilingi za Uganda zilibadilishwa kwa bei gani? Mbona leo hakuna nyama? Paulo alilijua jambo hili. Alipokusanya msaada wa makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza wazi kwamba aliweka wengine pamoja naye ili mtu asipate neno la kuwalaumu juu ya sadaka hiyo. Ukisoma Matendo 20:4 utakuta majina ya waliosafiri naye: Sopatro wa Beroya, Aristarko na Sekundo wa Thesalonike, Gayo wa Derbe, Timotheo, Tikiko na Trofimo wa Asia. Wengi hulisoma fungu hilo haraka kama orodha ya majina magumu. Mimi naona hapo timu ya watu wa makanisa mbalimbali inayovuka bahari na msaada mkononi, na wengi wakiwa mashahidi. Kwetu inatosha daftari moja, watunza pesa wawili wasio wa ukoo mmoja, na hesabu isomwe kila jioni kabla ya maombi. Hesabu ikisomwa, maombi hutoka mepesi.

Mpaka hapa nimesema juu ya timu. Sasa tumtazame mtoto.

Vijana waliokwisha kushikamana wana furaha inayotaka kumwagika, nayo humwagika juu ya mtoto aliye karibu. Wanambeba, wanamsuka, wanampa jina la utani, wanapiga naye picha. Mtoto naye anawakimbilia tangu siku ya kwanza, anawashika mkono bila kuwajua, analia basi linapoondoka. Timu husema, «Ona wanavyotupenda.» Inabidi tujue tunachokiona hapo, na kwa hilo nitawapeleka mbali kidogo, mpaka Romania, kwa sababu huko jambo hili lilichunguzwa kwa uangalifu mkubwa.

Mwaka 1966 serikali ya Romania, chini ya Nicolae Ceaușescu, ilikataza utoaji mimba ili idadi ya watu iongezeke. Njia za kuzuia uzazi nazo hazikupatikana. Familia maskini zilizozidiwa ziliacha watoto katika nyumba za serikali. Utawala huo ulipoanguka Desemba 1989, dunia iliona kwenye televisheni nyumba hizo zikiwa na watoto zaidi ya 100,000, wengi wao wazazi wao wakiwa hai. Wakristo na watu wengine wa Ulaya na Marekani walifunga safari kwenda kusaidia, wakafanya mema mengi: walifua, walilisha, walijenga.

Kisha, kuanzia mwaka 2000, wataalamu watatu wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walifuatilia watoto 136 wa nyumba za Bucharest waliokuwa bado wadogo sana. Kwa kura, nusu walipelekwa katika familia za kulea, na nusu waliendelea na malezi yaliyokuwapo. Walioingia katika familia walikua vizuri zaidi, kwa akili na kwa moyo, hasa waliopata familia kabla ya kutimiza karibu miaka miwili. Katika nyumba hizo walionekana pia watoto waliomkimbilia mgeni yeyote, wakamkumbatia, hata wakawa tayari kumfuata aendako. Mgeni aliona upendo. Wataalamu waliona dalili ya mtoto ambaye hakupata mtu mmoja wa kudumu, naye amejifunza kumshika yeyote anayepita.

Mtoto mdogo hujenga moyo wake juu ya mtu anayekuja leo, kesho na kesho kutwa. Akizoezwa kushikamana na watu wazuri wanaoondoka kila baada ya majuma mawili, anajifunza kwamba wazuri huondoka. Timu moja ikimaliza, inakuja nyingine kutoka parwasi nyingine, kila moja na nyimbo zake na machozi yake ya kuagana. Kwa kijana wa timu, kuagana ni mara moja kwa mwaka. Kwa mtoto ni mara ngapi?

Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: vijana washikamane wao kwa wao kadiri wawezavyo, lakini wasijaribu kuwa wazazi wa majuma mawili. Anayestahili kukumbatiwa na mtoto ni yule atakayebaki.

Na kwa kawaida yuko. UNICEF huhesabu kuwa yatima mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kwa hesabu ya 2015 walikuwa karibu milioni 140 duniani, na kati yao waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa karibu milioni 15. Huko Nakivale pia, mtoto aliyefiwa mara nyingi yumo katika nyumba ya mtu: bibi, shangazi, dada wa miaka kumi na saba, au jirani aliyekimbia naye njia moja. Jirani zetu wa Rwanda waliamua mwaka 2012 kuanza kufunga vituo vya mayatima na kuwarudisha watoto katika familia, zao au za kulea. Hata kama hatuko mahali pamoja katika mambo mengine, katika hili wana jambo la kutufundisha.

Yakobo 1:27 huhubiriwa karibu kila timu inapoagwa. Tuangalie vitu viwili ndani yake. Kitenzi cha Kigiriki kilichotumika pale, episkeptesthai, ni cha ukoo mmoja na neno episkopos, mwangalizi wa kanisa. Ni kutazama kwa kutunza, kama mwangalizi atazamavyo kundi ambalo atalitolea hesabu. Kupita na kusalimu hakutoshi kulijaza neno hilo. Tena, Yakobo amemweka yatima pamoja na mjane. Katika Agano la Kale yatima ni hasa mtoto asiye na baba, na mara nyingi mjane yule ndiye mama yake. Maandiko yanamwona mtoto pamoja na anayemlea. Sisi tumemkata mjane katika picha.

Timu inayolielewa hili hupanga kazi zake kwa namna nyingine. Inapofika, humwuliza mama wa nyumba anahitaji nini kabla ya kufungua mizigo. Kwa kawaida hataomba wageni wa kucheza na watoto. Ataomba kuni, paa lizibwe, shamba lilimwe kabla ya mvua, mtu wa kupanga foleni ya maji na bidoni zake ili yeye apate kwenda kliniki. Mwanamke aliyelala saa mbili zaidi kwa sababu vijana wameteka maji ana uso mwingine jioni mtoto anapomwendea. Sabuni na nguo zitolewe kwa mikono yake, mtoto aone zimetoka kwake. Mpira uchezwe, nyimbo ziimbwe, hakuna aliyekataza furaha. Lakini mtoto akiumia magoti, apelekwe kwa bibi yake afutwe machozi na bibi yake. Ahadi ya «nitarudi kukuchukua» isitoke kinywani mwa mtu yeyote. Na picha: mtoto aliyefiwa si bango la parwasi. Picha ipigwe ya paa.

Baadhi ya vijana watanung'unika. Walikuja kwa ajili ya watoto, nao wamepewa shoka na karai. Ninawaelewa, maana mkono mdogo ukishika wako, moyo unayeyuka. Lakini angalia: kazi hizo za maji, paa na shimo ndizo zilezile zinazowaunganisha wenyewe. Sherif hakuwapa wavulana wake watoto wa kubembeleza. Waliunganishwa na bomba la maji na lori lililokwama. Kazi inayomfaa mlezi ndiyo inayoijenga timu, na kwa sababu hiyo hakuna haja ya kuchagua kati ya timu na mtoto.

Limebaki jambo la kurudi. Turner aliona kwamba ule undugu wa kambini haudumu wenyewe; watu wakirudi kijijini, vyeo na mipaka vinarudi. Mwezi wa kumi binti wa mwenye duka yuko nyuma ya kaunta, na kijana wa taksi-moto anasalimia kutoka mbali. Timu nyingi hujaribu kuuhuisha undugu kwa chakula cha kumbukumbu, fulana za rangi moja na kundi la WhatsApp ambalo baada ya miezi miwili limejaa matangazo ya harusi.

Komite yangu sasa inaomba mambo mawili kabla ya kusaini barua ya kutumwa. La kwanza, wawili wa timu ya mwaka huu wawe ni wa mwaka jana, na nyumba zitakazohudumiwa ziwe zilezile, ili yule mama awajue kwa majina na awe na mtu wa kumwambia kwamba paa walilolipiga mwaka jana linavuja. La pili, timu ipokee nyumba mbili za walezi hapa hapa katika parwasi kabla ya kwenda popote, iwahudumie miezi mitatu, na iendelee ikirudi. Mayatima wa Beni na wa njia ya Mbau hawahitaji pasipoti kufikiwa. Pesa za fulana za mwaka huu zimenunua mabati tisa. Saba yako tayari juu ya nyumba ya bibi mmoja mwenye wajukuu watano. Mawili yanangoja misumari, ambayo mtunza pesa wa pili bado hajakubali bei yake.